Mtoto akiitwa kwenye utafiti wa chanjo au dawa: mwongozo wa mzazi kuanzia karatasi ya kwanza hadi siku ya kufungua siri

Ukiambiwa kliniki kwamba kuna "mradi" na mtoto wako anaweza kuingia, utayaona mazuri yake mara moja: foleni fupi, daktari anayempima mtoto kuanzia utosi hadi unyayo, dawa ambazo hazijaisha dirishani, nauli ya kurudia nyumbani. Upande wa pili uko kwenye karatasi. Karatasi hiyo inasema kwamba dawa au chanjo hii bado ina swali ambalo halijajibiwa, na mtoto wako ataitwa asaidie kulijibu. Huenda akafaidika, huenda asifaidike. Mzazi anayeingia akidhani hayo ni matibabu ya kawaida, ila mazuri zaidi, ndiye hukosa kuuliza mapema, kisha hulalamika baadaye.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wazazi na walezi wa Tanzania na Kenya, na mengi yake yanafaa Uganda pia. Mifano mingi imetoka kwenye chanjo za malaria, kwa kuwa ndizo zilizopita kwa watoto wengi wa kwetu: RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 katika nchi 7 za Afrika, vikiwemo vituo vya Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Kombewa na Siaya kwa Kenya, R21 ikafuata kuanzia 2021, Bagamoyo na Kilifi zikiwa miongoni mwa vituo vitano.

Jua kwanza unaitwa kwenye nini

Kuna utafiti wa kuangalia tu: mtoto anapimwa, damu inachukuliwa, unaulizwa maswali, basi. Hapewi kitu kipya. Na kuna jaribio, ambapo anapewa dawa, chanjo, chakula cha lishe au namna mpya ya kutibiwa. Swali lako la kwanza liwe hilo, kwa maneno mafupi: "Mwanangu atapewa kitu, au ataangaliwa tu?"

Kama ni jaribio, uliza liko awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza hutafuta usalama kwa watu wachache, na kwa kawaida huanzia kwa watu wazima kabla ya kushuka kwa watoto. Awamu ya pili hutafuta kipimo kinachofaa. Ya tatu huhusisha maelfu, na lengo lake ni kujua kama kitu kinafanya kazi kweli. Ya nne huja baada ya kuidhinishwa. Kadiri awamu inavyokuwa ya chini, ndivyo yasiyojulikana yanavyokuwa mengi.

Kisha uliza habari ya kundi la kulinganisha. Katika jaribio la awamu ya tatu la R21, watoto wapatao 4,800 wa miezi 5 hadi 36 waligawanywa kwa uwiano wa wawili kwa mmoja: kwa kila watoto watatu, wawili walipata chanjo ya malaria na mmoja alipata chanjo ya kichaa cha mbwa. Watafiti wangeweza kuwapa hao wengine maji ya chumvi, lakini chanjo ya kichaa cha mbwa inamwachia mtoto kitu cha kumfaa. Utafiti mwingine hauna kundi la pili kabisa. Ule wa REACH, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliwapa hydroxyurea watoto wote 600 na ushei wenye sikoseli, kwa kuwa swali lilikuwa kama dawa hiyo ni salama na inawezekana kutumika kwenye nchi zenye malaria.

Anayeamua mtoto aende kundi gani ni kompyuta. Daktari hachagui, chifu hawezi kukusaidia, na kumbembeleza muuguzi ni kazi bure, maana mara nyingi na yeye hajui. Katika majaribio mengi bomba la sindano hufunikwa kwa lebo ili rangi ya dawa isionekane, na anayechoma si yule atakayemfuatilia mtoto. Siri hiyo ina sababu. Mzazi akijua mwanawe amepata "chanjo yenyewe" huenda akaacha kumlaza kwenye chandarua, na muuguzi akijua anaweza kuiandika homa ile ile kwa namna nyingine.

Hakikisha mradi una vibali

Tanzania Bara, jaribio la dawa au chanjo linahitaji kibali cha maadili kutoka kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa ajili ya dawa yenyewe. Zanzibar ina kamati yake ya maadili, ZAHREC. Kenya, kamati ya maadili lazima iwe imetambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia (kamati ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, inaitwa SERU), na Bodi ya Famasia na Sumu hutoa idhini ya jaribio. Uganda ni UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, na NDA, mamlaka ya dawa.

Huhitaji kwenda ofisi hizo. Angalia fomu. Ukurasa wa kwanza unapaswa kuwa na jina la utafiti, jina la mtafiti mkuu, na namba ya toleo pamoja na tarehe yake. Muhuri wa kamati uwepo. Mwishoni ziwepo namba mbili za simu zisizofanana: ya watafiti, na ya kamati ya maadili. Ikiwa zote ni za mradi, omba ya kamati. Majaribio huandikishwa pia kwenye orodha za wazi, kama ile ya Afrika, ambayo namba zake huanza na PACTR, au ile ya Marekani, ambayo namba zake huanza na NCT. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuiandika namba hiyo na kuona nani anafadhili, watoto wangapi wanatakiwa, na kipimo kikuu ni nini.

Ukiambiwa ulipie chochote ili mtoto aingie, ondoka. Ukikatazwa kuondoka na nakala ya fomu, ondoka pia. Tahadhari hizi zina historia. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa iitwayo Trovan kwa watoto 200, nusu wakipewa Trovan na nusu dawa nyingine ya kulinganisha, na 11 kati ya wote walifariki. Kampuni ilishikilia kwamba ugonjwa ndio uliowaua na kwamba wazazi walieleweshwa. Familia zilisema hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Kesi ziliendeshwa kwa miaka mingi, na makubaliano na jimbo la Kano yalifikiwa 2009. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya nani aliambiwa nini, na karatasi iko wapi.

Fomu ya ridhaa: nenda nayo nyumbani

Hapa ndipo pa kutumia muda. Fomu huwa ndefu, na kusomewa yote kwa mkupuo, mtoto akilia mgongoni, hakumfai mtu. Sema: "Nimeelewa kwa ujumla, naomba nikae nayo nikazungumze na mwenzangu." Utafiti wa chanjo kwa watoto wenye afya hauna haraka ya siku moja. Anayekuharakisha anahangaikia idadi yake ya wiki.

Omba fomu ya Kiswahili, au ya lugha ya nyumbani kama ipo: Kigiriama, Kijaluo, Kisambaa. Mzazi asiyesoma ana haki ya shahidi, na shahidi huyo asiwe mfanyakazi wa mradi. Awe jirani, dada, mjumbe wa nyumba kumi, mtu yeyote anayesoma na asiye na maslahi. Fomu isomwe yote mbele yake, kisha wewe uweke dole gumba na yeye atie saini. Muuguzi wa mradi akijitolea kuwa shahidi wako, kataa kwa upole.

Ukifika nyumbani, usianze ukurasa wa kwanza. Huko kuna historia ya ugonjwa, na unaijua. Tafuta sehemu hizi:

- Jedwali la ziara. Mara ngapi utaitwa, kwa muda gani? Ziara 14 kwa miaka 2 si jambo dogo kwa mama anayeuza genge.
- Damu: kiasi gani kila mara, na jumla yake ni ngapi.
- Madhara yanayojulikana, na sentensi inayokiri kwamba huenda yapo yasiyojulikana. Fomu isiyo na sentensi hiyo inatia shaka.
- Mtoto akidhurika: nani analipa, na kwa muda gani. Majaribio ya dawa hutakiwa kuwa na bima ya washiriki. Uliza kama ipo.
- Sampuli: zitatunzwa? Zitasafirishwa nje ya nchi? Zitapimwa vinasaba? Hapa mara nyingi kuna visanduku vya ndiyo na hapana ambavyo unaweza kuvijaza tofauti na ridhaa kuu. Unaweza kukubali utafiti na kukataa kuhifadhiwa kwa damu. Wengi hawaambiwi hivyo kwa mdomo.
- Kitakachotokea ukikataa. Jibu sahihi ni kwamba mtoto ataendelea kutibiwa kituoni kama kawaida.
- Kitakachotokea utafiti ukiisha. Dawa ikionekana inafaa, mwanangu ataendelea kuipata, na nani atalipa?

Suala la damu lizungumzwe wazi, maana pwani yote habari za mumiani hazijaisha, na zikianza kuzunguka mtaani mama anakuta mume amekataa bila maelezo. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya mililita 750 hadi 800 hivi mwilini. Mapitio yaliyochapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani yanaonyesha mipaka inayotumika katika tafiti za watoto kuwa asilimia 1 hadi 5 ya damu yote kwa siku moja, na isizidi asilimia 10 ndani ya wiki 8. Asilimia 1 kwa mtoto huyo ni kama mililita 8, kijiko kimoja na nusu cha chai. Mtoto mgonjwa au mwenye upungufu wa damu anapaswa kukaa chini kabisa ya mipaka hiyo. Piga hesabu mwenyewe: uzito wa mtoto mara 8 unakupa mililita za asilimia 10. Jumla ya damu ya miezi miwili kwenye jedwali ikizidi hapo, una swali halali la kupeleka kwa kamati ya maadili.

Nani atie saini? Mzazi, au mlezi anayetambuliwa kisheria. Bibi anayelea mjukuu ambaye mama yake yuko mjini mara nyingi hawezi kutia saini kwa sababu tu mtoto analala kwake. Huenda akatakiwa barua ya mtendaji wa kijiji au chifu, au mama apatikane. Mama aliye chini ya miaka 18 aulize mapema, kwa kuwa kamati zinatofautiana juu yake. Kwa sheria mara nyingi saini ya mzazi mmoja inatosha kwenye utafiti wenye hatari ndogo, lakini kuingia bila baba kujua ndiyo njia ya haraka ya mtoto kutolewa katikati. Kama baba yuko safarini, apigiwe simu na daktari wa mradi akiwa na wewe hapo hapo.

Mtoto mkubwa naye anaulizwa. Kamati nyingi huanzia miaka 7 hivi kwa ridhaa ya mtoto mwenyewe, kwa fomu yake fupi. Akisema hapana, ichukulie kuwa hapana hata kama wewe umekubali.

Kabla ya kutia saini, miradi mingi hukuuliza maswali machache kupima kama umeelewa. Ukikosea, unaelezwa tena. Usione aibu, swali linalokosewa sana ni lile la "je, mtoto wako ana uhakika wa kupata chanjo mpya?"

Siku ya uchunguzi

Nenda na kadi ya kliniki, cheti au tangazo la kuzaliwa, na dawa zozote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, zikiwemo za mitishamba. Usizifiche za mganga. Nyingine huathiri ini, na ini ni moja ya vitu vinavyopimwa. Andika namba za simu za watu watatu wanaoweza kukupata. Beba chakula, maana zoezi hula nusu siku.

Watampima uzito, urefu, mzunguko wa mkono, joto, wingi wa damu, malaria, na mara nyingi VVU. Hilo la mwisho lina kona yake: kwa mtoto mchanga, majibu yanaweza kufichua hali ya mama. Omba yatolewe faraghani, ukiwa peke yako, kabla ya mtu mwingine yeyote wa familia kuitwa chumbani. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, ziko upande wako hapa.

Watoto wengi huishia hapa. Sababu za kawaida ni damu pungufu, uzito mdogo kwa umri, chanjo za kawaida ambazo hazijakamilika, homa siku hiyo hiyo, au mipango ya kuhama. Kukataliwa na mradi hakumaanishi mtoto ana ugonjwa wa ajabu, lakini kama sababu ni damu pungufu au utapiamlo, usiondoke bila majibu kwa maandishi na rufaa ya kituo.

Sindano, na siku saba za mwanzo

Baada ya sindano mtabaki kituoni kati ya nusu saa na saa moja. Msiondoke mapema hata kama mtoto anacheza: mzio mkali, wenye uvimbe wa uso, vipele na kukosa pumzi, kwa kawaida hujitokeza ndani ya muda huo, na dawa yake iko kwenye sinia la chumba kile kile.

Ukirudi nyumbani utakuwa na kadi ya kujaza, kipima joto, na wakati mwingine rula ndogo ya plastiki. Kadi hiyo ndiyo utafiti wenyewe. Pima joto kila jioni saa ile ile. Futa jasho kwapani kwanza, weka ncha ya kipima joto katikati ya kwapa, bana mkono wa mtoto mwilini mpaka kilie, ndipo usome. Kwapa lenye jasho hushusha namba, na mtoto aliyetoka kubebwa mgongoni juani huipandisha. Mpumzishe dakika kumi na tano kwanza. Nyuzi 37.5 na kuendelea ni homa. Uvimbe pima upana wake kwa rula, usikadirie kwa jicho. Andika kilichotokea siku ile ile. Kadi iliyojazwa yote usiku wa kuamkia ziara inajulikana kwa macho: wino mmoja, mwandiko mmoja, namba zinazofanana.

Homa itegemee. Kati ya watoto 1,615 waliopata R21 na kufuatiliwa kwa karibu, 754 walipata homa na 301 walipata maumivu mahali pa sindano. Tumia paracetamol kama mradi ulivyokuelekeza. Kipimo cha kawaida ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, na zisizidi dozi 4 kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 10 na dawa ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 5. Soma chupa, kwa sababu zipo pia za miligramu 250 kwa mililita 5, na kijiko kile kile kinakuwa dozi zaidi ya maradufu.

Kosa linalotisha zaidi ni kusema "ni chanjo tu" na kulala. Katika ukanda wa malaria, homa siku mbili baada ya chanjo inaweza kuwa malaria. Mpeleke akapimwe. Piga simu ya mradi usiku huo huo akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea na asiamke vizuri, au akipumua kwa shida. Na kama simu haipokelewi, nenda hospitali iliyo karibu na kadi mkononi. Degedege la homa liliwahi kuonekana kwenye RTS,S: kwa watoto wakubwa kidogo, takriban dozi 1 kwa kila 1,000 ndani ya siku 7, kama maradufu ya kundi la kulinganisha. Ni nadra, lakini ndilo linalomfanya mzazi ambaye hakuambiwa aapie kutorudi.

Maisha ndani ya mradi

Kila ziara ina dirisha lake la siku. Ukiambiwa tarehe 12, huenda wanakukubali kati ya 9 na 19, na baada ya hapo dozi haihesabiki sawasawa. Omba dirisha liandikwe kwenye kadi, si tarehe peke yake. Kabla ya msiba, mavuno au likizo ya kwenda kwa mama mkwe, piga simu. Ziara nyingi zinaweza kusogezwa, ila isiwe baada ya kupita.

Dawa za dukani ndizo huharibu takwimu kimya kimya. Mzazi ananunua dawa ya mseto ya malaria duka la dawa, mtoto anapona, na homa ile haiandikwi popote. Kama umelazimika kununua, tunza pakiti na uende nayo. Akitibiwa kituo kingine, onyesha kadi ya mradi, hasa kabla ya sindano au dawa mpya. Usimwandikishe kwenye utafiti wa pili bila kuuambia wa kwanza. Chanjo za kawaida, za surua na nyingine, ziendelee; uliza tu nafasi ya siku ngapi inatakiwa kati yake na dozi ya mradi. Na chandarua kisishuke kitandani.

Nauli na fidia ya muda hutajwa kwenye fomu kwa kiwango. Hicho ndicho unachodai, kwa shilingi zilizoandikwa, na utie saini ya kupokea kiasi ulichopokea kweli. Mfanyakazi akikupa pungufu, namba ya kamati ya maadili inafaa kwa hilo pia.

Kwenye dharura

Kuna utafiti unaofanyika mtoto akiwa mahututi, ambapo hakuna muda wa kusoma kurasa kumi. FEAST, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, ulijaribu kumwaga maji ya mshipani kwa kasi kwa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Palipokuwa na dharura kubwa mzazi aliulizwa kwa ufupi kwa mdomo, na ridhaa kamili ikafuata mtoto alipotulia. Utaratibu huo unaruhusiwa kwa idhini maalumu ya kamati. Ukiwa kwenye hali hiyo, uliza mambo mawili tu: atapata matibabu ya kawaida vilevile? Naweza kumtoa baadaye? Maelezo mengine yatake mtoto akishatulia, na usikubali kuruka hatua hiyo.

FEAST unafundisha jambo jingine. Maji hayo ya haraka yalikuwa yakiaminika mahali pengi duniani. Baada ya watoto 3,141, kamati huru ya usalama iliusimamisha Januari 2011: waliomwagiwa maji kwa kasi, kati ya asilimia 10.5 na 10.6 walifariki ndani ya saa 48, na wasiomwagiwa asilimia 7.3. Uliza kama mradi wako una kamati kama hiyo, na kama matokeo yake yatakufikia.

Likitokea jambo baya

Kulazwa hospitali, kunusurika kufa, ulemavu: haya huitwa matukio makubwa, na mradi unatakiwa kuyaripoti haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24 tangu ulipojua. Kazi yako ni kuufanya ujue. Eleza siku na saa ya kuanza, dawa zote alizopewa, na nani aliyemwona. Omba nakala ya karatasi ya kutoka hospitali. Uliza kwa maneno haya: "Mmeliandika kama tukio kubwa? Kamati imeambiwa?" Gharama ulizolipa mwenyewe ziwe na risiti.

Tukio la mtoto mmoja linaweza kuonekana la bahati mbaya mpaka liwekwe pamoja na mengine. Kwenye RTS,S, homa ya uti wa mgongo ilionekana kuwa nyingi zaidi kwa waliochanjwa, bila sababu inayoeleweka. Ndiyo maana kuanzia 2019 chanjo ilitolewa kwanza kwa uangalizi Kenya, Ghana na Malawi. Ufuatiliaji huo haukuthibitisha hofu, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Kutoka katikati

Unaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu, kwa simu au kwa kuja. Usipotee tu: wafanyakazi wa nyanjani watakuja mlangoni, majirani wataona. Wanaweza kukuomba ziara moja ya mwisho ya usalama, na ni busara kuikubali. Taarifa zilizokwisha kukusanywa kwa kawaida hubaki, lakini damu iliyohifadhiwa unaweza kuomba iharibiwe, kwa maandishi. Kama ni dawa ya kila siku, ya kifafa au VVU kwa mfano, usiikate ghafla. Dai mpango wa kuhamia dawa ya kituo kabla ya kutoka.

Utafiti ukiisha

Matokeo huchelewa, miaka miwili au zaidi. Hakikisha namba yako ya simu bado ni ile ile kwenye daftari lao, maana siku ya "kufungua siri" ndiyo siku utakayojua mtoto alipata nini. Nenda na kadi ya kliniki. Iandikwe humo jina la chanjo au dawa, tarehe za kila dozi, na saini ya daktari. Barua ya pembeni hupotea. Uliza pia kama waliokuwa kundi la kulinganisha watapewa chanjo iliyofanikiwa, na lini.

Kama mwanao alikuwa kwenye kundi lililopata chanjo ya kichaa cha mbwa, usiidharau ile mistari kwenye kadi. Akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kama mtoto mwingine yeyote. Lakini aliyewahi kuchanjwa kikamilifu huhitaji dozi chache zaidi, na kwa kawaida hahitaji ile sindano ya kinga ya moja kwa moja ambayo ni ghali na adimu. Daktari ataamua hivyo akiona tarehe. Asipoziona, atamwanzisha upya.